Wamempausha shujaa wangu, na rafiki yangu amenigeuka

Mama Sadiya, salaam aleikum. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo nivumilie, na nisaidie kabla sijaharibu kitu ambacho sitaweza kukirekebisha.

Mimi naitwa Shamis, naishi hapa Isiolo, mtaa wa Wabera, nina miaka ishirini na tisa na kazi yangu ni kuchora. Kwetu ni watu wa malori, baba yangu Abass ameendesha barabara ya Nairobi maisha yake yote, na tulipokuwa wadogo alikuwa akituletea vitabu vya katuni vya mitumba, vile vya mashujaa wanaoruka angani na kunyanyua magari, vimechanika, vingine hata havina mwisho, mimi na dada yangu Hoda tukavisoma mpaka tukavihifadhi, na hata mtoto angeona, Mama, kwamba kila anayeokoa dunia ni mzungu, mweusi akitokea ni wa kumbebea shujaa mizigo au wa kufa ukurasa wa kumi ili shujaa apate sababu ya kulia, halafu miaka ikaenda wakatukumbuka na sisi watu wa kanzu na hijabu, lakini wakatukumbuka tukiwa tumeshika bomu, kila gaidi amepewa ndevu za mjomba wangu Abdighani ambaye tangu azaliwe hajawahi hata kuchinja kuku kwa mkono wake.

Siku hizi mambo yamebadilika, hilo nakubali. Kuna mashujaa weusi wenye vitabu vyao wenyewe, kuna wasichana, wengine wamejifunga hijabu na wanapiga watu vizuri tu, na ndipo nikasema basi, zamu yetu imefika, nikamwendea rafiki yangu Akuam ambaye tumesoma naye shule ya upili, yeye ni Mturkana wa mtaa wa Chechelesi na ana kalamu tamu ajabu, tukakubaliana yeye aandike hadithi mimi nichore na kutia rangi. Tumeifanya kazi hiyo miaka miwili. Shujaa wetu anaitwa Faiza, msichana wa Isiolo, rangi yake kama yangu, hijabu ya kijani, anaita upepo unakuja, na anarudisha mifugo inayoibwa na jambazi mmoja anaitwa Giza.

Kampuni moja ya vitabu kule Nairobi ikasema inakitaka, na kwamba itakipeleka kwenye maktaba za shule, hata za hapa kwetu. Tulilia kwa furaha. Basi wiki iliyopita mhariri wao, Jonah, akanirudishia kurasa, nikafungua jalada, na walahi nilidhani amenitumia kazi ya mtu mwingine, Faiza amepauka kama mtu aliyeoga unga, pua imechongwa, hijabu hakuna, nywele zinapepea mpaka kiunoni! Nikampigia simu nikiwa nimesimama katikati ya duka la watu. Akaniambia, "Dada Shamis, tumemng'arisha kidogo tu. Kwani watu wa huko kwenu si weupe-weupe? Na hizo nywele zinaleta mwendo." Nikamuuliza mwendo wa kwenda wapi. Akacheka! Akasema nisiwe na hasira, kazi yangu ni nzuri, yule Giza kwa mfano hawajamgusa hata kidogo, yule anatisha kabisa. Eti tuweke sahihi kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi inaenda kwa wengine.

Nikapanda boda mpaka Chechelesi kwa Akuam, kompyuta nimeikumbatia, nikijua huyu tutapiga kelele pamoja. Na kweli alipoona jalada alipiga kelele kuliko mimi. Halafu akaendelea kufungua kurasa, kwa sababu alikuwa hajaziona zikiwa na rangi, akafika ya kumi na moja, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni Giza. Akasema, "Huyu ni babu yangu."

Sasa nikueleze vizuri usinifikirie vibaya. Akuam kwenye hadithi aliandika kwamba Giza amejifunga kitambaa usoni, yanaonekana macho tu, ili mtu asiseme ni wa kabila gani, maana wewe unajua hapa kwetu mifugo ikipotea kabila linatajwa kabla hata nyayo hazijafuatwa. Lakini jambazi asiye na uso hatishi, Mama, mimi ndiye mchoraji najua, kwa hivyo nikakitoa kile kitambaa. Na nilikuwa na picha za babu yake, Mzee Lokwang, nilizompiga mwaka jana nikisema nataka kujifunza kuchora wazee, na mzee alifurahi sana siku hiyo, alivaa unyoya wake, akakalia kile kigoda chao cha mbao wanaita ekicholong, akawaita na majirani waje waone anaingia kitabuni. Ni uso una mistari mizuri. Nikauchukua, nikauongezea weusi kidogo na macho mekundu, unyoya na kigoda nikaviacha kwa sababu vinapendeza. Kila mchoraji anaazima sura!

Akuam akafunga kompyuta akaniambia, "Shamis, toka kwangu." Amenizuia kwenye simu. Ametuma neno kwa Hoda kwamba anaondoa hadithi yake, na bila sahihi yake hakuna kitabu. Hoda anasema pia mzee kila mara huwa anauliza kitabu chake kimefika wapi, na Akuam hajui amjibu nini, kama kwamba hilo nalo ni kosa langu.

Mama, huu ndio wakati wa kununa kweli? Mtu wa Nairobi ametutukana sote wawili, badala ya kupigana naye, mwenzangu anapigana na mimi kwa sababu ya jambazi! Nimwambieje aache hilo dogo tushike hili kubwa? Na Ijumaa niweke sahihi au nisiweke?

Shamis, Wabera

MAMA SADIYA ANAJIBU

Aleikum salaam, Shamis.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika pamoja nawe. Mara ya pili nikakukasirikia wewe.

Tuanze na Jonah, huyo ni rahisi. Usiweke sahihi. Mtu aliyemvua binti hijabu halafu akakuita dada hana la kukufundisha. Mwandikie mistari miwili: Faiza arudi alivyokuwa, au kurasa zirudi zote. Akikwambia nafasi inakwenda kwa wengine, mwambie iende salama. Kitabu chenye msichana huyo aliyepauka, watoto wetu wa kike wangekisoma wajifunze kwamba hata shujaa wa Isiolo hafai mpaka aoshwe. Hilo umeliona mwenyewe na umelikasirikia kwa haki.

Lakini hebu niambie, mwanangu, wewe mwenye macho ya mchoraji. Yule mtu alibadilisha ngozi, pua, nywele na nguo. Mtu mmoja tu kwenye kitabu kizima hakumgusa, akakusifu. Hukushtuka? Hukujiuliza kwa nini Giza wako alimpendeza sana? Alimpendeza kwa sababu anamjua tangu zamani. Ni yule yule wa vile vitabu vya mitumba vya baba yako, mweusi kuliko wote, macho mekundu, amekaa akingoja kupigwa. Wewe umekua ukimchukia, umepata kalamu, na wa kwanza uliyempa nafasi hiyo ni Mturkana.

Na usiniambie hukuona. Anaitwa Giza, nawe ukamwongezea weusi! Rafiki yako alikupa kitambaa cha kumfunika, akakueleza na sababu yake, nawe ukakitoa kwa mkono wako. Uliambiwa shimo liko hapa ukaingia na viatu.

Ungekuta jambazi amechorwa na ndevu za mjomba wako Abdighani, kanzu yake, kofia yake, na aliyechora ni rafiki yako aliyekula nyumbani kwenu, ungesema ni jambo dogo? Ungeng'oa mlango. Dhambi ya Jonah unaijua jina na rangi kwa sababu imekuangukia wewe. Ya kwako unaiita kuazima sura.

Mimi ni Mborana wa mji huu, na sitajifanya msafi. Nyumbani kwetu tulikuwa na jina la kuwaita watu weusi sana, jina ambalo gazeti hili halitalichapisha, na mimi nililisema shuleni nikicheka, kwa msichana aliyekuwa akinigawia chakula chake. Alihama dawati. Sikuwahi kumfuata. Mpaka leo nikimwona sokoni ananisalimia kwa heshima kama mtu asiyenijua, na hakuna kitu nimewahi kupewa kilichoniuma kama heshima hiyo. Kwa hivyo usifikiri nakugombeza kutoka juu ya mlima.

Sasa fikiria kitabu hicho kimefika madarasani. Watoto wa Wabera, wa Chechelesi, Wasomali, Waborana, Wameru, Waturkana, wote kwenye dawati moja, wanafungua ukurasa wa kumi na moja. Kuna mtoto hapo ambaye babu yake anavaa unyoya na anakalia kigoda hicho hicho. Unadhani wakati wa mapumziko wataanza kumwita nani? Na hujaogopa? Hapa Isiolo, ambapo watu wamezikwa kwa sababu ya sura iliyotajwa kabla ya nyayo kufuatwa, wewe umechora sura hiyo na ukataka ichapishwe.

Akuam hajanuna. Kununa ni mtu akinyimwa lifti. Akuam ameona babu yake mwenyewe akiiba mbuzi, kwa mkono wa mtu aliyemwamini na hadithi yake. Na anashinda nyumba moja na mzee anayeuliza kitabu kimefika wapi.

Basi sikiliza ufanye hivi. Kesho asubuhi, si Ijumaa, nenda Chechelesi. Usibebe kompyuta, usibebe sukari wala majani ya chai, maana hiyo ni kutafuta njia ya mkato. Simama nje mpaka Akuam akukaribishe, na asipokukaribisha rudi nyumbani uende tena kesho kutwa. Ukiingia, usitaje Jonah. Mwambie Akuam ulikitoa kitambaa kwa sababu ulitaka mtu mbaya na mkono wako ukaenda moja kwa moja kwa watu wake. Sema hivyo hivyo. Usiseme, "Kama nimekukosea, nisamehe," wala usiseme, "Ni kazi tu."

Halafu umwombe ruhusa ya kumwona Mzee Lokwang. Kama Kiswahili chake ni kidogo, usimfanye Akuam akutafsirie, hawezi kubeba na aibu yako pia. Tafuta Mturkana mwingine akufundishe kabla maneno haya kwa Kiturkana, uyaseme kwa mdomo wako: nilikuja kwako nikasema nakuchora mzee, nikakuchora mwizi. Akitaka kuuona ukurasa, mwonyeshe siku atakayotaka yeye. Akisema picha zifutwe, zifute akiona, mpaka zile ulizopiga mwaka jana, hata kama ndizo nzuri kuliko zote ulizo nazo.

Wakikusamehe, mtakaa wawili mkachore upya. Na wasipokusamehe, Shamis, hiyo ni haki yao, na usiniandikie kuwashtaki.