Mahali pa Mnazi wa Mwanao

Kisauni, Mombasa
12 Machi 1961

Mpendwa mjukuu wangu Jamaludin,

Assalam alaykum. U hali gani huko Uingereza na baridi yao? Kifua kimepoa, au bado wakohoa kama mzee? Mimi ni mzima, ila magoti. Naandika mwenyewe kwa hati ya Kiarabu niliyofunzwa chuoni, kwa hivyo yote usomayo humu ni yangu, usije ukamsingizia mtu.

Dada yako Suad amejifungua mtoto wa kike, leo siku ya kumi na mbili. Ni wa nane. Tumemwita Mwanaima, jina la marehemu dada yangu. Mtoto hajambo. Mamake ndiye aliyenitisha. Alitoka damu siku mbili, na hata leo akisimama hushika ukuta.

Barua yako ilifika siku hizo hizo. Waniandikia kwamba watu wamejaa duniani, ardhi haiongezeki, na kwamba wewe umekata shauri hutazaa kabisa. Faida ya kusoma ni hiyo? Dada yako hawezi kusimama, wewe wanihesabia watu wa dunia nzima.

Wajua ada yetu: kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa shambani, na juu yake hupandwa mnazi. Juzi Hamoud, mumewe Suad, akatoka na mche na jembe. Huku akagonga mizizi, kule akakuta mpaka wa jirani Tsuma, mahali pengine akakaribia kisima. Na minazi ikibanana haizai, hilo hata yeye alijua. Alipochoka akaniambia, "Nana, dunia ya Mungu ni pana."

Nikamjibu, "Pana, mwanangu. Nionyeshe pa kuchimba."

Akaweka jembe chini. Nikampa na mengine, mbele ya mamake. Sisi tulifunzwa mtoto anyonye miaka miwili ndipo mwenziwe aje. Yeye hangoji hata wa mgongoni ashuke. Yuwajisifu kwa wingi wa watoto, na utungu si wake.

Usicheke, nawe zamu yako imefika. Nyumba ya dada yangu huyo Mwanaima pale chini waijua. Alikufa hana mtoto, na leo paa limeanguka, mbuzi walala chumbani mwake. Nani amsomeaye Yasini? Huyu azaa bila kupumua, yule hataki hata mmoja, nami kikongwe nawagombeza nyote. Mmenichosha.

Basi ujue nililofanya. Kando ya mnazi wako niliweka mahali tangu ulipoondoka, pa mnazi wa mwanao wa kwanza. Kila mwaka napalilia, hapandi mtu hata muhogo. Nimempa Hamoud, amempandia Mwanaima. Wewe hukupataka.

Na ukigeuza nia, usije kuniambia shamba limejaa. Mnazi wangu umezeeka, mwaka wa tatu huu hautoi hata kidaka. Njoo na mke na mtoto, tuukate, mche wake ukae papo hapo. Ila uje mapema, ningali hai. Katika minazi yote hii, kitovu changu kilipozikwa napajua mimi peke yangu.

Suad yuwakusalimu, na Hamoud pia, ingawa amenuna. Jirani yetu Bi Waridi yuwauliza kama huko wapata samaki. Mungu akulinde na baridi, na akulainishe hicho kichwa.

Bibi yako akupendaye na kukugombeza,
Khairiya binti Abdillahi