Malkia Watatu na Gundi ya Baba

Baba watoto, na ninyi wawili mnaosoma juu ya bega lake,

Maharage yameshachemka, yaungeni tu. Chumvi nimetia, msirudie. ~~Leo kila mtu ajipikie.~~ Sare yangu ya wodini iko kwenye beseni, msimwage maji yake.

Mnajua kwa nini nimeiloweka? Asubuhi nimekikuta kikombe changu, kile chenye malkia watatu wa kale wa Afrika, kimefichwa nyuma ya masufuria. Nikamimina kahawa, nikanyanyua. Mkono wa kikombe ukabaki vidoleni, chenyewe kikainama, nusu ya kahawa ikaishia kifuani kwangu.

Kumbe mkono ulivunjika, mtu akaubandika kwa gundi! Tena juu ya uso wa malkia wa katikati, maskini, kazibwa pua. Nilitaka kuwabana watoto, ila gundi nimeikuta mfukoni mwa koti lako, Baba. Fundi saa mzima! Unapachika vyuma vidogo kuliko punje ya mchele, halafu mkono wa kikombe ukushinde?

Na mimi mjinga. Siku tatu umeosha vyombo bila kuombwa, nikawaringia wauguzi wenzangu kwamba mapenzi yamerudi upya.

Mkono huo usiubandike tena. Kahawa iliyobaki nimeinywa nimekishika kikombe kwa mikono miwili, taratibu, na nimeona hivyo ndivyo malkia wanavyostahili kushikwa. Wote wanne.

Vyombo vya asubuhi viko kwenye sinki. Endelea kunipenda.

Mama watoto