Saa Aliyokupa Mfalme

Baba,

Mvua imenyesha Mwanda na kaburi lako limeota nyasi. Ndugu yangu Mwakio alitaka kuzifyeka, Mama akamkataza. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililopaswa kukwambia ukiwa hai, na wakati huo sikulijua.

Baada ya matanga tuligawana vitu vyako. Mwakio alichukua koti, mimi nikapewa ile saa. "Wape watoto wachezee," aliniambia. Mkanda ulikuwa umekatika, nikaipeleka Voi kwa Mzee Athmani, fundi wa saa. Aliitazama ile nembo ya taji, kisha akafungua mfuniko wa nyuma. Ndani kulikuwa na maandishi ya Kiarabu. Akanisomea polepole: "Kwa Elija, dereva, aliyenirudishia mwanangu."

Nilikaa chini pale pale, Baba.

Kumbe hadithi yako ilikuwa kweli. Kweli ulimbeba mtoto wa mfalme wa Kiarabu kwenye gari la kambi ya watalii ulilokuwa ukiendesha, anawaka homa, mto umefurika, ukapiga moyo konde ukavuka na kumfikisha hospitali. Kweli mfalme alirudi kwao akaagiza saa itengenezwe kwa ajili yako. Majirani walikucheka, wakasema umeiokota kwenye mitumba. Hao nimewasamehe. Mimi ndiye siwezi kujisamehe.

Siku wakwe walipokuja kunichumbia, ulivaa shati jeupe, ukakunja mkono wa kushoto ili saa ionekane. Ukaanza, "Siku hiyo mto ulikuwa umejaa..." Nikakukatiza mbele ya wageni: "Baba, wacha hizo hadithi, utatuaibisha." Ulishusha mkono wa shati, ukaendelea kuwamiminia wageni chai. Miaka kumi na mmoja, sikukuona ukiivaa tena, wala sikukusikia ukitaja mto ule.

Ungenigombeza. Afadhali ungenigombeza.

Habari zilienea upesi. Mzee Athmani alikuwa ameniambia kwamba saa za namna hii, zilizotengenezwa kwa amri ya mfalme, watu huzitafuta dunia nzima. Mtu mmoja anayekusanya saa akaja kutoka Nairobi hadi nyumbani. Mwakio alikuwa tayari kumwuzia. Mama, ambaye hakuwa amesema mengi tangu tukuzike, akamwambia, "Mwanangu, hilo ni jina la baba yako." Mgeni alimaliza chai yake, akaaga vizuri, akaenda.

Jumapili iliyopita kanisani, baada ya matangazo, nilimwomba mchungaji dakika chache. Nikasimulia yote: mto, mtoto, mfalme, na jinsi nilivyokunyamazisha. Wengi walikusifu. Waliokuwa wakikucheka waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa natazama pale ulipozoea kukaa, na hapakuwa na mtu. Nilichelewa, Baba. Sifa zote zile, na wewe hukuzisikia hata moja.

Saa nimempa Mama, anaivaa akienda kanisani ingawa inamzidi mkono. Siku hizi ananisimulia mambo ya ujana wenu, mara nyingine yale yale ya jana, na mengine nashindwa kuyaamini. Nakuahidi jambo moja tu: nitamsikiliza mpaka amalize.

Lala salama, Baba. Nisamehe.

Mwanao,
Wakesho