Kiti Kinachotazama Ukungu

Jumapili, 3 Aprili 2016

Basi la kampuni limechelewa tena. Tumesimama nje ya kempu hapa Sanaiya, eneo la viwanda, mpaka jua likatukuta. Nilijua napelekwa kulinda geti la ujenzi juani kama kawaida. Kumbe Mutua, supavaiza wetu, ameniandika kazi ya ndani. Jumba la maonyesho, mjini. Kiyoyozi, sakafu ya kung'aa, mpaka Septemba.

Sikuuliza mara mbili. Mwaka jana mwezi wa Julai nilianguka pale geti la Lusail, nikaamkia hospitali na dripu mkononi. Daktari alisema figo zangu zimechoka, na kiangazi kingine kama kile zitagoma kabisa. Mutua analijua hilo. Ni Mkamba wa mdomo mkali, lakini utu anao. "Mwadime, hii posti wanaitaka wengi," ameniambia. "Usiniangushe."

Sijui maonyesho yenyewe ni ya nini. Mafundi bado wanapigilia misumari. Nimenusa rangi mbichi mchana kutwa na nimefurahi.

Jumanne, 5 Aprili

Leo tumetembezwa sisi walinzi, kabla wageni hawajaruhusiwa, ili tujue kipi hakiguswi. Aliyetutembeza ni Hala, binti wa Kisudani anayeongoza wageni. Anaongea polepole na anamtazama kila mtu usoni, hata sisi.

Ni nyumba ya rais. Rais wa nchi moja ya milimani, mbali sana, ambayo hata jina lake nikiliandika nitalikosea. Alijengewa enzi zile zege lilipokuwa jambo jipya. Alipopinduliwa ikafungwa. Sasa wameijenga upya sebule yake yote hapa Doha kwa vipimo vilevile. Viti ni vilevile vyenyewe, vimeletwa kwa ndege.

Mimi nimezaliwa Wundanyi. Milima naijua. Kwetu Taita nyumba hupewa madirisha madogo na upepo hupewa mgongo. Mtu huyu alifanya kinyume cha kila kitu. Kwenye picha, nyumba imening'inia gengeni kwa miguu ya zege. Upande wote wa bondeni ni kioo, kutoka sakafuni hadi darini. Ngazi zimechomoza ukutani na chini yake hakuna kitu. Jiwe kubwa la mlima limeachwa katikati ya sebule, sakafu ikalizunguka. Kwetu tungelivunja jiwe, au tungeenda kujenga kwingine. Yeye aliliacha likae na wageni.

Nyuma ya kioo wameweka kitambaa kikubwa cha filamu. Filamu imepigwa kulekule. Bonde, miti, ukungu unapanda. Unapanda mpaka unafika kwenye kioo.

Nilibaki mdomo wazi. Nje mchanga unakaangwa, ndani ukungu unapanda. Nimesikia baridi ya nyumbani, ingawa najua ni kiyoyozi. Sikuwahi kufikiri kwamba binadamu anaweza kuuambia mlima uingie ndani, nao ukaingia.

Mbele ya kioo kuna kiti kimoja cha ngozi, kifupi, kimezungushiwa kamba. Kiti cha rais. Hakuna mwingine aliyekikalia, hata mkewe. Hala amesema atakayekuwa zamu, kiti kile kiko shingoni mwake. Na zamu pale nimepewa mimi.

Jumatano, 6 Aprili

Nimeiota ile nyumba. Nilikuwa nafagia ukungu.

Jumamosi, 9 Aprili

Tumefungua. Nimepata onyo siku ya kwanza.

Mlango ni mlango. Kuna zulia jeupe, kuna viti, kuna picha za familia ukutani. Nilivua viatu bila kufikiri, nikaviweka pembeni, nikasimama na soksi zangu. Mama mmoja wa Kiqatari akaja na wanawe, akaitazama miguu yangu, akavua. Wanawe wakavua. Wakaja Wahindi, wakaviona viatu, wakavua. Wakaja Wazungu, wakatazamana, nao wakavua. Sikumwambia mtu neno. Kufika saa sita viatu vilikuwa vimejaa mlangoni kama kwenye matanga, na watu wanatembea ndani kimya, kwa adabu, wanalizunguka lile jiwe.

Ilipendeza, hilo sifichi.

Mkuu wa maonyesho hakupendezwa. Ni mzee mrefu wa miwani, anatembea kama anayepima sakafu. Aliuliza nani ameamuru. Alisema watu wakikimbia moto watajikwaa. Hala alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanieleza kwamba kwa rais watu waliingia na viatu, hata walicheza dansi navyo. Kwenye zulia jeupe!

Mutua akanishika bega. "Boss wangu, hapa si kwenu. Viatu zinakaa miguuni." Onyo la kwanza, limeandikwa. Nimeona haya kidogo. Hasira nimekuwa nayo zaidi.

Jumatatu, 18 Aprili

Hala anapitisha wageni siku nzima na mimi niko palepale mlangoni, kwa hiyo maelezo yake nayasikia mpaka nayaona yakija. Bado hayanichoshi. Leo alisema kioo kile kilikuwa kinafunguka, na siku nyingine wingu liliingia likakaa mezani, watu wakala bila kuonana. Nimeifikiria hiyo meza mpaka zamu ikaisha.

Ila kuna jambo moja limeniudhi. Watoto wa rais hawakuruhusiwa kuingia sebuleni. Jioni walisimama mlangoni, wakamtazama baba yao mgongo akiwa kwenye kiti chake, kisha wakapelekwa kulala. Mtu aliyeliachia jiwe liingie, watoto wake akawaacha nje. Baba gani huyo?

Nimempigia Mama Wakesho, nikamweleza habari za nyumba. Aliuliza kuni walizitoa wapi za kupasha moto chumba chote kile.  Mke wangu hababaishwi na kioo.

Alhamisi, 5 Mei

Onyo la pili. Nilistahili.

Filamu ina mahali ambapo ukungu hufunguka ghafla na bonde lote huonekana, mto chini mwembamba kama uzi. Nimeiona mara sijui ngapi na kila ikifika hapo lazima nigeuke. Leo niligeuka, na nyuma yangu mtoto akapaka kioo aiskrimu kwa viganja vyote viwili. Mkuu alikuwa anapita.

Mutua hakupiga kelele, na hilo limenitisha. Amesema la tatu ni Lusail, na hapo hataweza kunitetea. Jana kule getini Mnepali mmoja amebebwa. Joto limeanza na bado ni Mei.

Naogopa. Nimeandika niache kuogopa, na bado naogopa. Kuanzia kesho macho kwa wageni, mgongo kwa ukungu.

Jumapili, 15 Mei

Habari kubwa. Binti wa yule rais bado yu hai na anakuja Jumanne. Anaishi ughaibuni. Walimwalika ufunguzi, akakataa. Sasa anapita Doha kubadilisha ndege na ameomba kuiona sebule mara moja tu, bila waandishi wa habari.

Amri zimetoka. Viatu ving'ae. Kamba ikazwe. Mlinzi asimsemeshe mgeni asiposemeshwa. Mutua alikuwa akinitazama mimi tu alipokuwa akizisoma.

Jumanne, 17 Mei

Amekuja.

Nilitarajia mtu mkubwa. Ni bibi mdogo, mwembamba, fimbo mkononi, sweta mabegani. Hala mbele, mkuu pembeni, wanaume wa suti nyuma. Walimtembeza kama mgeni yeyote. Wakamwonyesha ngazi. Wakamweleza habari za zege. Yeye anaitikia kwa kichwa. Fikiria, kuelezwa nyumba ya baba yako mwenyewe.

Alipofika mlangoni kwangu alisimama. Wenzake wakapita, wakalizunguka jiwe, mkuu akazidi kueleza, wakatokea upande wa pili kwenda kwenye mfano mdogo wa mbao wa nyumba nzima. Hala alikuwa akiwatafsiria wale wa suti. Hawakujua wamemwacha.

Tukabaki yeye na mimi. Nikamwambia karibu. Kwa Kiswahili, sijui kwa nini, halafu kwa Kiingereza. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuingia chumba hiki. Yeye na kaka yake walikuwa wakisimama hapahapa, wanatazama mgongo wa baba, mpaka yaya anawafuata. Usiku wa mapinduzi walitolewa kupitia jikoni na nguo za kulala. Yeye alikuwa bado ana mapengo ya meno ya utotoni. Baba alibaki. Hawakumwona tena.

Alisema yote hayo bila kuvuka kizingiti. Fimbo yake ilikuwa inaishia palepale zulia linapoanzia.

Kwetu mtoto akirudi kwa baba yake aliyekufa, hasimamishwi mlangoni. Anaingizwa, anapewa mahali pa kukaa, ndipo mambo mengine yanafuata. Najua hii si nyumba. Nimeona ilivyopigiliwa misumari. Lakini yeye alikuwa anasimama kama mtu aliye nyumbani kwao, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.

Nilimshika mkono nikamwingiza. Nikaifungua kamba. Kamera zinazokitazama kile kiti najua zilipo, na najua Mutua ndiye anayetazama skrini zake.  Niliiona Lusail yote mbele yangu, geti na kontena na lile joto jeupe. Nikamwambia, "Mama, keti."

Aliketi taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Mimi nikarudi mahali pangu mlangoni.

Filamu ilikuwa imefika pale ukungu unapofunga bonde na jioni inaingia. Kioo kikawa cheusi. Bibi alikitazama. Kisha akainua mkono bila kugeuka, akasema anamwona mtu mlangoni. Nikamjibu ni mimi. Akasema anajua ni mimi, anakiona hata kitambulisho changu kifuani. Akaniambia nisisogee.

Ndipo nikaelewa. Kiti kile kimewekwa mshazari kidogo. Hala huwaeleza wageni kwamba ni kwa ajili ya bonde, na Hala mwenyewe ndivyo alivyoelezwa. Zaidi ya rais, hakuna aliyewahi kukikalia akajua. Ukikaa pale jioni na ukungu umefunga, bonde hulioni. Unaona kwenye kioo mlango ulio nyuma yako, wote, kutoka juu hadi chini, na yeyote aliyesimama hapo.

Alisema maneno kwa lugha yake. Kisha akayasema kwa Kiingereza, labda kwa ajili yangu. Baba alikuwa akituona. Kila jioni alikuwa akituona.

Sijui kama hilo ni la kufurahia au la kulilia. Baba huyu alikaa akiwatazama watoto kwenye kioo badala ya kuwaita, na bado bibi alikuwa anacheka, na machozi yanamshuka mpaka kwenye sweta.  Nimesimama mlango ule wiki nyingi nikiishangaa milima, na kumbe kitu cha ajabu zaidi kilikuwa nyuma ya milima, mahali nilipokuwa nimesimama mwenyewe.

Mkuu aliporudi alimkuta bado amekaa. Uso ulimgeuka mwekundu. Mbele ya mgeni akajilazimisha kutabasamu. Bibi aliinuka mwenyewe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake uwanja wa ndege.

Jumatano, 18 Mei

Kama nilivyotarajia.

Ngozi ya kiti imepasuka pembeni, ufa mdogo, lakini haukuwepo. Kitu cha watu, kimeazimwa, tena kikuukuu. Mkuu ana haki ya kukasirika na nimemwambia hivyo. Hala alijaribu kunitetea. Mkuu akasema kama bibi angeomba ruhusa, angepewa kwa barua. Labda ni kweli. Bibi hakuomba. Hata mimi hakuniomba.

Mutua aliniita pembeni. Hakuwa na hasira, alikuwa na uchungu. "Si ungeniambia tu kwa redio niende choo?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Lusail kuanzia Jumapili.

Kabla ya kuondoka Hala alinisimamisha pale mlangoni, akaenda akachuchumaa kando ya kiti, bila kukigusa, kichwa usawa wa mtu aliyekaa. Alikaa hivyo mpaka filamu ikafika pale ukungu unapofunga bonde. Akaniambia ananiona.

Jumatatu, 23 Mei

Geti. Siku ya pili. Kivuli cha kontena kinatosha mtu mmoja mpaka saa nne, halafu hakitoshi mtu. Nimekunywa maji mpaka tumbo linasikika nikitembea. Malori ya zege yanaingia na kutoka. Kuna mnara mbele yangu haujafika hata nusu, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeinua macho kuangalia ngazi zake zinashikwa na nini.

Jioni nimempigia Mama Wakesho. Alikuwa bado hajui. Nilimwambia yote, tangu kamba mpaka ufa.  Kisha akaniuliza yule mama alikuwa nani kwangu. Nikasema hakuwa mtu wangu. Akaniuliza kama nimezisahau figo zangu. Nikasema sijazisahau. Ana haki. Sikujitetea.

 Nilisikia kuku wake wakiingia bandani. Akauliza, alipokaa kwenye kiti, uso wake ulikuwaje?

Nikamweleza.

Mama Wakesho akavuta pumzi, akaniambia niwe naloweka kofia kwenye maji kabla ya kuivaa.