Hamira Iliyogoma kwa Baridi

Toulouse,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Huguette,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Goti linaendeleaje tangu upasuaji, na theluji ya Montréal imeshakuruhusu kutoka nje? Sisi tu wazima. Baba anakohoa kidogo, ila ukimtajia daktari ananuna, basi tumemwacha.

Uliniuliza kama nimeshaacha maabara na kurudi Castres kuoka mikate. Nilikaribia, Shangazi. Miaka mitatu na ushei nimeichunguza jeni moja ya hamira ambayo hakuna aliyejua kazi yake. Hapa tunaiita yatima. Niliiondoa, hamira ikaendelea kukua kama kawaida. Kamati ya tasnifu yangu ilikuwa ikutane tarehe 31 Januari kuamua kama nipewe mwaka wa kumalizia au nifungashe virago. Nami nilikuwa nimemwahidi Baba kwamba wakinikatalia nitarudi dukani.

Unamjua kaka yako. Kila Krismasi wimbo ni uleule: "Hamira nimefanya nayo kazi miaka arobaini. Inaumua unga. Wewe unataka ikwambie nini zaidi?"

Safari hii nilikwenda nyumbani kwa pupa hata nikasahau sahani zangu za kuoteshea hamira juu ya meza, nje ya kabati la joto. Na chuo kikifunga kwa Krismasi huzima mitambo yote ya kupasha joto. Niliporudi tarehe sita, chumba kilikuwa na baridi ya kuuma. Bi Josiane, fundi wetu wa maabara, alikuwa ameshafungua mfuko wa taka.

"Tupa hizo, mwanangu. Tena upande huu hukupanda kitu. Ulikuwa unawaza bata wa kuoka, siyo?"

Nilikuwa nimepanda. Upande wa hamira nzima ulikuwa na vidoadoa vyeupe. Upande wa hamira isiyo na ile jeni ulikuwa mtupu. Nikarudia kwa makusudi mara tatu, kwenye nyuzi joto kumi na sita, mambo yakawa yaleyale. Nikairudisha jeni, hamira ikakua.

Nikueleze kwa ufupi. Ndani ya kila seli mna ribosomu, vijiwanda vya kutengeneza protini, na kila kimoja kina vipande viwili, kikubwa na kidogo. Nilipopima seli zilizokwama kwa baridi, niliona kuwa yatima wangu husaidia kujenga kile kidogo. Kwenye joto mikunjo ya kipande hicho hulainika yenyewe, kama siagi iliyokaa jikoni. Kwenye baridi huganda, na bila jeni ile ya kuikunjua ujenzi hukwama. Muda wote huo tulikuwa tunaitafuta kazi yake mahali ambapo haihitajiki. Nilicheka, kisha nikalia mbele ya Bi Josiane, wala sioni aibu.

Kamati wamenikubalia. Nitatetea tasnifu yangu Alhamisi, 20 Novemba.

Jumapili iliyopita nilimweleza Baba, akiwa anasugua meza ya unga.

"Hamira kwenye baridi huwa mvivu," akasema. "Hilo hata bibi yako alilijua, na shule hakwenda."

"Zote zinapunguza mwendo, Baba. Hii yangu inasimama kabisa."

Akaacha kusugua. "Na ukiirudishia hiyo jeni yako?"

"Inaamka."

"Hamira ileile?"

"Ileile."

Akarudi kwenye meza yake, nami nikaona mazungumzo yamekwisha. Iliniuma kidogo, sikufichi.

Jana kaka yangu Bastien akanipigia simu. Baba, ambaye hata siku ya kumzika Babu alioka asubuhi, amebandika karatasi kwenye mlango wa duka, miezi tisa kabla ya wakati: "Alhamisi, 20 Novemba, hakuna mkate. Binti yangu anaeleza mambo ya hamira."

Njoo, Shangazi, kama goti litakubali. Nisalimie binamu zangu Élodie na Mathis. Mungu akupe hatua nyepesi na usingizi mzuri.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,
Maylis