Amina ya Ijumaa

Mpenzi Fauzi,

Salamu kutoka Palma. Mama hajambo, na kanga ulizotuma kutoka Olumbi zimefika. Sijazifungua.

Mgomo wetu wafagiaji na wapishi wa chuo kikuu unaendelea. Wakala aliyetuajiri bado anakataa kuongeza mshahara, hata glavu hatupi. Jumatatu tulitaka kuwazuia vibarua wake wapya kwenye lango la nyuma. Tukakuta polisi wanatungoja, wakamkamata dada Belmira. Lango hilo tulilichagua yeye na mimi, wenzetu tukawaambia tukiwa njiani. Kabla yao nilikunong'oneza wewe tu. Sasa nasikia unaendesha gari la wakala.

Sikupigii simu, kwa sababu sauti yako hunilainisha.

Ijumaa baada ya sala tutasoma halbadiri, imwangukie aliyetuuza. Belmira ameachiwa, anacheka: "Mimi Mkristo, mdogo wangu, lakini amina yenu nitaiitikia mpaka waisikie watu wa kule Mbau!"

Jina halitatajwa. Njoo uketi mbele yangu, uitikie kama wengine. Usipokuja, kanga zitarudi zilivyofungwa.

Mkeka wako nitautandika mwenyewe.

Zuleica