Dakika Nilizopewa Niitetee Timu

Mshauri mpendwa,

Uniwie radhi kwa kukusumbua na jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini naomba msaada wako, kwa maana limeninyima utulivu. Mimi ni mgane wa umri mkubwa hapa Ohio, na tangu mke wangu Estelle alipofariki, faraja yangu imekuwa timu yetu ya mpira wa kikapu, Wahunzi, ambayo hufungwa karibu kila inaposhuka uwanjani, na zaidi ya timu, majirani wa safu yangu ya viti, hususan Bwana Odell Crumpton, ambaye hunipitia nyumbani kwa gari lake, na ambaye hadi leo hakubali mtu aweke hata koti juu ya kiti cha Estelle.

Sasa mwenye timu ametangaza kwamba baraza la mji lisipomjengea ukumbi mpya kwa kodi zetu, ataihamishia Nevada, na Jumanne kuna kikao ambapo kila raia hupewa dakika chache za kusema, na utaratibu unamruhusu mtu kumwachia mwenzake dakika zake, nao safu nzima wameniachia mimi zao. “Mzee Lucius,” Odell aliniambia, “wewe simama tu na mvi zako hizo, watalainika.” Dada yake Verna akadakia, “Ila usiwaambie tumefungwa mara ngapi!” Tukacheka sote, nami nikakubali.

Lakini, Mshauri, kwa unyenyekevu mkubwa, naona timu iende. Paa la shule ya mtaani kwetu linavuja, watoto wanasoma wamevaa makoti, na kama lazima timu moja ya ligi ihame, sioni inayostahili kuliko yetu. Walimu wangu wa misheni walinifunza kutosema uongo mbele za watu. Hawakunifunza namna ya kuukabili upweke wa jioni. Je, niseme nini?

Wako mtiifu,
Lucius Pettaway

Mzee Lucius,

Pole, na uache kuomba radhi; kuwa na maoni si kosa. Kosa ni hilo unalolikaribia: kusimama na dakika za watu wanaotaka timu ibaki, ukazitumia kuifukuza, au ukaitetea huku moyo wako ukikana. Yote mawili ni hadaa, na adabu yako nzuri haitaifunika. Mlipokuwa mnacheka na Verna, hapo ndipo ulipopaswa kusema.

Tena Odell unamdhulumu. Anayekulindia kiti cha marehemu, unadhani anakufuata kwa gari katika theluji kwa ajili ya timu inayofungwa kila leo?

Basi, kabla ya Jumanne nenda kwake, usimpigie simu. Mwambie, “Timu naona iende, lakini wewe sitaki kukukosa.” Atafoka. Mwache afoke. Kisha mrudishie kila mtu dakika zake, ajisemee mwenyewe. Kikaoni tumia zako tu, sema habari za shule, ukae, tena ukae karibu na Odell. Na akiinuka kukupinga, msogezee kipaza sauti.